SOMO LA KIINGEREZA: "PUT OFF", NENO LILILOTUPOTEZEA NDEGE



Katika ukurasa huu sisi wa kundi la Kiingereza huwa tunaleta neno moja, maana yake, namna ya kulitumia, kisha mazoezi. Mara hii tunaleta maneno mawili yanayofanya kazi kama neno moja: PUT OFF. Ni herufi sita tu. Tunawaomba msome mpaka mwisho, hata ninyi mnaosema Kiingereza si chenu, kwa sababu tutawaeleza kwanza namna herufi hizo sita zilivyotuhukumu.

1. Juu ya nini tumechagua neno hili

Miaka michache iliyopita kijana mmoja alianguka toka juu ya mchikichi alipokuwa anakata mikungu ya ngazi. Mfupa wa paja ulivunjika. Mganga wa kituo cha afya alisema wazi: mguu huu unahitaji daktari wa kupasua mifupa, na huyo yuko Bukavu. Ninyi wote mnajua njia yetu ya Bukavu, matope yake na madaraja yake, na magari yanayolala njiani majuma mazima. Basi, ilibaki ndege tu. Wakati ule ndege ndogo ilikuwa inatoka Kavumu kuja Shabunda, na rubani alikubali kumchukua mgonjwa siku ya pili ya juma.

Baba yake na wajomba wake walimbeba juu ya tipoyi muda wa siku mbili, wakavuka Ulindi kwa mtumbwi, wakafika kwenye kiwanja cha ndege siku ya kwanza jioni. Wakalala pale pale.

Kesho yake asubuhi fonie ikalia. Sauti ilikuwa ya Kiingereza, kwa sababu rubani hakujua Kifaransa wala Kiswahili. Mwenye kushika fonie akawaita wawili kati yetu waliokuwa karibu: "Ninyi wanafunzi, munasoma Kiingereza, mutufasirie." Tulisikia vizuri kabisa, hata tuliandika kwenye kaye:

"The Tuesday flight has been put off until Friday."

Tukaanza kufasiri. "Flight" tulijua ni safari ya ndege. "Until Friday" tulijua ni mpaka siku ya tano. "Off" tulikuwa tunaijua kuliko yote, maana iko kwenye radio na kwenye tochi: ukisukuma kwenye OFF, kitu kinazimika. Tukaunganisha vipande: safari ya ndege imezimwa mpaka siku ya tano. Basi, juma lote hakuna ndege. Tukamgeukia mzee.

"Papa, ndege imezimwa. Juma hili haiko."

Akauliza: "Haiko kabisa, wanangu?"

Tukajibu: "Haiko kabisa, papa."

Chakula chao kilikuwa kimekwisha. Wakamwinua tena mtoto wao, wakarudi.

Siku ya tano, saa nne ya asubuhi, ndege ikatua. Rubani alishuka akauliza: "Where is the boy?" Swali hilo hata mtoto wa la saba anaweza kulifasiri. Hatukuwa na jibu. Baba yake alituambia baadaye kwamba walikuwa wamefika nyumbani jana yake, na waliisikia ndege ikipita juu ya msitu.

Nafasi nyingine ilipatikana baada ya majuma manne. Mfupa ulikuwa umeanza kuungana vibaya, na kule Bukavu waganga walilazimika kuuvunja tena. Leo kijana yule anasoma hapa kwetu. Anachechemea, kwa sababu mguu mmoja ni mfupi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba somo hili liandikwe, na aliusoma ukurasa huu mbele haujapigwa kwenye stensili. Alisema: "Muandike, kusudi mwingine asirudishwe."

Hatusemi kwamba neno moja la Kiingereza ndilo lililoharibu mguu. Kuna njia mbovu, kuna mvua, kuna umbali wa waganga. Lakini ndege ilikuja, na kiti kilikuwa wazi. Sehemu hiyo ni yetu.

2. Kitenzi chenye mkia

Kosa letu lilikuwa gani? Tulifasiri kipande kwa kipande. Kiingereza kina vitenzi vingi sana vinavyofungamana na neno dogo kama off, on, out, up, down, away. Kitenzi na neno dogo vikikutana, maana mpya inazaliwa, nayo mara nyingi haifanani na maana ya kitenzi peke yake wala ya neno dogo peke yake. Sisi katika kundi letu tunaviita vitenzi vyenye mkia. Waingereza wanaviita phrasal verbs. Jina hilo lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925. Lakini shida yenyewe ni ya zamani: Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa kule London mwaka 1755, alikwisha kuandika kwamba maneno ya namna hii ndiyo yanayowasumbua wageni kuliko mengine. Basi, tusione haya. Hatukuwa wa kwanza kusumbuka.

Tena, sisi wasema Kiswahili tunayo mambo kama hayo, ila mkia wetu umeshikamana na kitenzi chenyewe. Tazameni:

funga – mlango haupitiki;
fungua – mlango unapitika;
fungia – mtu amebaki ndani;
fungana – wawili wamekamatana.

Kati ya "funga" na "fungua" kuna herufi moja tu, lakini maana imegeuka kuwa kinyume. Mgeni anayejua "funga" peke yake, ukimwambia "fungua mlango", anaweza kuufunga zaidi. Sisi tutacheka. Lakini siku ile ya fonie sisi ndio tulikuwa mgeni huyo.

Tazameni sasa kitenzi PUT. Peke yake maana yake ni kuweka. Mkieni mkia:

put on – kuvaa: "Put on your shoes."
put out – kuzima moto au taa: "Put out the fire before you sleep."
put away – kurudisha kitu pahali pake: "Put away your books."
put up – kumpokea mgeni alale: "They put us up for the night."
put up with – kuvumilia: "We put up with the rain."
put off – kuahirisha, kusogeza mbele.

Mnaona? Kama ingekuwa ni kuzima moto, Mwingereza angesema "put out". Kama ingekuwa ni kuzima radio, angesema "turn off" au "switch off". "Put off" haizimi kitu chochote. Inakichukua kitu toka siku yake na kukiweka kwenye siku nyingine.

3. Maana ya kwanza: kuahirisha

Kwa Kifaransa ni "remettre" au "reporter à plus tard". Lakini angalieni, msije mkatumia "report" ya Kiingereza. "Report" ni kutoa habari, haisogezi siku.

Mifano:

"They put off the football match because of the rain." Waliahirisha mchezo wa mpira kwa sababu ya mvua.
"The exam was put off for a week." Mtihani ulisogezwa mbele juma moja.
"The flight has been put off until Friday." Safari ya ndege imesogezwa, ndege itakuja siku ya tano.

Huo mfano wa mwisho mnaujua. Hapo kulikuwa na mtego wa pili ambao hatukuuona. Neno "until" tulilifasiri "mpaka", sawa na "jusqu'à" ya Kifaransa, tukadhani ni mwisho wa kungoja bule. Lakini pamoja na "put off", neno "until" linaonyesha siku mpya ya jambo lenyewe. "Put off until Friday" ni "reporté à vendredi": siku ya tano ndiyo siku ya ndege. Hata katika Kiswahili chetu, ukisema "imeahirishwa mpaka siku ya tano", mtu mwenye uchovu anaweza kusikia vibaya. Afadhali useme wazi: "Ndege haiji leo, itakuja siku ya tano."

4. Namna ya kuitumia

Kanuni ya kwanza. PUT haibadiliki katika wakati uliopita. Leo ni put, jana ni put, na baada ya has au was ni put vile vile. Katika la saba tunasikia "putted". Neno hilo tuliache. Lakini he, she na it wanachukua s: "He puts off everything." Na kwa -ing tunaandika t mbili: "putting off".

Kanuni ya pili. Jina laweza kukaa baada ya off au katikati. "They put off the meeting" ni sawa, na "They put the meeting off" ni sawa pia. Lakini vijina vidogo kama it, them, me, him lazima vikae katikati. "They put it off" ni sawa. "They put off it" ni kosa, na katika mtihani utapoteza alama.

Kanuni ya tatu. Kama baada ya put off kuna kitenzi kingine, kitenzi hicho kinachukua -ing. "She put off going to the hospital." Hatuandiki "put off to go". Hapa Kifaransa na Kiswahili vyote viwili vinatudanganya, kwa sababu sisi tunasema "aliahirisha kwenda".

Kanuni ya nne. Siku mpya inafuata until, till au to: "put off until Monday", "put off to Monday". Urefu wa kungoja unafuata for: "put off for two weeks". Mkichanganya hayo mawili mtampotosha mtu, kwa maana "siku ya kwanza" na "majuma mawili" si jambo moja.

5. Maana nyingine mtakazokutana nazo

a) Kumwondolea mtu hamu, au kumvunja moyo. Hapa anayekuwa katikati ni mtu. "The smell put me off my food." Harufu iliniondolea hamu ya chakula. "Don't let long words put you off." Maneno marefu yasikuvunje moyo.

b) Kumzungusha mtu kwa maneno matamu. "I asked for my money and he put me off with promises." Niliomba feza zangu, akanizungusha kwa ahadi. Maana hiyo hatuna haja ya kuieleza sana, kila mtu aliyewahi kukopesha anaijua.

c) Kuvua. Hii ni Kiingereza cha zamani, lakini ninyi wasomaji wa Biblia mtakutana nayo. Katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya King James, pale Kutoka sura ya 3 ambapo Musa anaagizwa kuvua viatu, kitenzi ni put off. Ndivyo ilivyo pia katika Waefeso sura ya 4, juu ya kuvua utu wa kale. Siku hizi kwa viatu na nguo wanasema "take off". Ukimwambia mgeni "put off your shoes" atakuelewa kwa shida, au atadhani umetoka kanisani sasa hivi.

6. Majirani wa hatari

Jirani wa kwanza ni CALL OFF, kufuta jambo kabisa. "The flight was called off." Safari imefutwa, hakuna siku nyingine iliyowekwa. Tazameni tofauti: jambo lililo "put off" bado liko hai, lina kesho yake. Jambo lililo "called off" limekufa. Siku ile rubani alisema la kwanza, nasi tukamfasiria mzee la pili.

Jirani wa pili ni TAKE OFF, ambayo kwa nguo ni kuvua na kwa ndege ni kuruka. "The plane has taken off." Ndege imekwisha kuruka, iko njiani. Mtu akisikia off tu na asisikie kitenzi, anaweza kudhani ndege imefutwa wakati iko hewani inakuja.

Jirani wa tatu ni TURN OFF, kuzima mashine au taa, au kufunga maji.

Vitenzi vinne, mkia mmoja. Kwa hiyo anayefasiri mkia peke yake hajafasiri kitu. Na anayefasiri kitenzi peke yake, huyo naye hajafasiri kitu.

7. Kanuni ya kundi letu kwa mwenye kufasiri

Tangu siku ile tumejiwekea sheria, na tunawapa ninyi pia. Ukisikia "put off", uliza mara moja: "Until when?" Mpaka lini? Kama kuna siku, utapewa siku. Kama hakuna, utaambiwa "We don't know yet", nawe utamwambia mzee hivyo hivyo, usimwongezee neno.

Kisha rudisha ujumbe kwa maneno mengine: "So the plane is coming on Friday, not today?" Rubani atajibu yes au no. Maneno hayo ni machache, hata kwenye fonie yenye kelele yanapita. Siku ile kama tungeuliza hivyo, tipoyi isingerudi msituni. Hatukuuliza kwa sababu tuliona haya. Tuliitwa mbele ya watu kama wajuzi, nasi tukaogopa kuonekana hatujui. Haya yetu ilikuwa kubwa kuliko Kiingereza chetu.

Tunasema hili kwa sababu ninyi pia mtaitwa. Inchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, na kule Uganda, Kenya na Tanzania barua nyingi za kazi na za biashara zinaandikwa kwa Kiingereza. Rwanda nao waliamua mwaka 2008 kufundisha shuleni kwa Kiingereza. Waganga wageni wanakuja, wanunuzi wa madini wanakuja, karatasi zinakuja. Kila mara mama fulani au mzee fulani atamtafuta mwanafunzi na kumwambia: "Mwanangu, wanasema nini?" Siku hiyo alama zako za darasani hazitamsaidia. Atakachohitaji ni ukweli wa neno, au kinywa kisichoona haya kusema: "Papa, hilo sikulielewa, ngoja niulize tena."

8. Mazoezi

Jazeni nafasi kwa put off, call off, take off, put out au turn off. Angalieni wakati wa kitenzi.

1. The teacher is ill. The test is ___ until Thursday.
2. Please ___ the radio, the baby is sleeping.
3. We waited at the airstrip and at noon the plane ___ for Bukavu.
4. There will be no wedding at all. They have ___ it ___.
5. ___ the fire before you leave the field.
6. Don't ___ writing to your mother.

Sahihisheni sentensi hizi tatu:

7. They putted off the meeting.
8. The match? They put off it.
9. He put off to pay the school fees.

Fasirini kwa Kiswahili kizuri, kisha mwambieni mtu wa nyumbani asiyejua Kiingereza, mwone kama ameelewa afanye nini:

10. The vaccination has been put off until Monday. Bring the children on Monday morning.

Majibu: 1. put off. 2. turn off. 3. took off. 4. called it off. 5. Put out. 6. put off. 7. They put off the meeting. 8. They put it off. 9. He put off paying the school fees. 10. Chanjo haifanyiki leo, itafanyika siku ya kwanza ya juma; siku hiyo asubuhi mlete watoto. Kama mtu wa nyumbani aliuliza "Basi haiko?", rudieni kufasiri.

9. Neno la mwisho

Mnakumbuka liwali Feliki katika Matendo sura ya 24. Alimsikia Paulo, akaogopa, akamwambia aende kwanza, atamwita akipata nafasi. Miaka miwili ikapita, na Paulo alikuwa bado kifungoni. Huyo ni mtu wa put off. Nasi tuko hivyo mara nyingi: somo la leo tutalisoma kesho, kamusi tutaifungua kesho, swali tutamwuliza mwalimu kesho. Wazee walisema linalowezekana leo lisingoje kesho.

Yule ndugu yetu anayechechemea ndiye aliyesahihisha mazoezi haya. Anakaa dawati la mbele, karibu na dirisha. Akisikia mlio wa ndege huwa anainua kichwa, kisha anarudi kwenye kaye yake. Mwenye swali juu ya somo hili amwone yeye, au mmoja wetu, siku ya posho kisha kazi za mikono. Msiahirishe.

Sisi wa kundi la Kiingereza